Kodi za Maduka ya Mtaa wa Grey

Mwaka 1881 wafanyabiashara wawili, Aboobaker Amod na Hajee Mahomed Dada, walinunua kiwanja katika Mtaa wa Grey mjini Durban kwa pauni 115. Aboobaker Amod alikuwa mtu wa Porbandar, bandari ya Gujarat ambayo majahazi yake yalizoeleka Mombasa na Unguja tangu zamani, na ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza miongoni mwa wafanyabiashara Waislamu wa Kihindi waliohamia Natal. Juu ya kiwanja hicho walijenga msikiti mdogo wa matofali.

Waumini walipozidi kuongezeka, msikiti nao ukapanuliwa. Viwanja vya jirani vilinunuliwa, minara miwili ikasimama mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1930 likafunguliwa jengo linalokaribia sura ya leo. Katika ujenzi huo wasimamizi walifanya jambo ambalo watu waliozoea wakf za Lamu na Unguja wangelitambua mara moja: walijenga maduka. Upande wa barabarani, chini ya msikiti wenyewe, ikawekwa milango ya biashara ya kupangisha, na kodi ya pango ikaingia katika mfuko wa msikiti na madrasa.

Anayefika hapo leo, katika mtaa ambao sasa umepewa jina la Dk. Yusuf Dadoo, huona bidhaa za madukani kabla hajauona mlango wa kuingilia kuswali. Pembeni kuna Madressa Arcade, ujia uliojengwa mwaka 1927 kutoka mtaani hadi upande wa nyuma, karibu na Kanisa Kuu la Kikatoliki la Emmanuel. Ni mwembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mizigo hupishana kwa kujibana. Kulia na kushoto kuna vijiduka vya mikufu, mikoba, shanga na vitambaa, bidhaa zimetundikwa hadi juu ya vichwa vya wapitaji. Wengi wanaonunua hapo si Waislamu wala si Wahindi. Ni akina mama wa Kizulu waliotoka stendi ya teksi, wanapita kuelekea soko la Mtaa wa Victoria. Mnunuzi anatoa randi zake, mwenye duka analipa pango, na pango linaingia katika mfuko wa udhamini.

Wanauchumi walichelewa sana kuufikia mtaa wa namna hii. Kwa muda mrefu vitabu vyao viliwatambua wahusika wawili tu, soko na serikali, na chochote kilichobaki kiliachiwa wahubiri na wahisani. Mabadiliko yalianza Marekani. Mwaka 1975 Burton Weisbrod aliandika kwamba mashirika ya hiari huzaliwa pale ambapo serikali, kwa kuwaridhisha wapiga kura walio wengi, inawaacha wengine bila huduma wanayoihitaji. Mwaka 1980 Henry Hansmann akaeleza kinacholitofautisha shirika la namna hiyo na kampuni: linaruhusiwa kupata ziada, tena kubwa, ila ziada hiyo hairuhusiwi kugawanywa kwa wanaoliongoza. Kisha mwaka 1991 Howard Tuckman na Cyril Chang wakatoa vipimo vinne vya kujua kama shirika lipo hatarini kifedha. Je, lina akiba? Mapato yake yanatoka sehemu ngapi? Gharama za utawala zina kiasi gani, maana lisilo na cha kupunguza likibanwa hukata huduma zenyewe? Na mwisho wa mwaka hubaki na chochote?

Ukivichukua vipimo hivyo ukatembea navyo Durban, historia ya mji huo inasomeka upya. Ni mji ambao wakazi wake wasio Wazungu, kwa zaidi ya karne moja, walijengewa kidogo sana na serikali, wakalazimika kujijengea wenyewe shule, zahanati, makaburi na nyumba za ibada. Walijaribu karibu kila njia ya kuzilipia. Njia nyingine zimedumu, nyingine zimekufa mbele ya macho ya watu, na tofauti baina yake haikuwa wingi wa imani wala ukarimu.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuufuatilia msikiti wa Mtaa wa Grey. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akishinikizwa na Uingereza baada ya ujumbe wa Sir Bartle Frere, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukomesha usafirishaji wao baharini. Manowari za Kiingereza ziliendelea kuyakamata majahazi, na kila jahazi lililokamatwa lilizua swali moja: watu waliokutwa ndani wapelekwe wapi? Natal ilikuwa na jibu lake tayari. Wenye mashamba ya miwa walikuwa na njaa ya vibarua, kwa kuwa uletaji wa Wahindi wa mkataba, ulioanza mwaka 1860, ulikuwa umesimama tangu 1866. Mwezi Agosti mwaka huohuo wa 1873, manowari Briton ikawashusha Durban watu 113. Hadi mwaka 1880 waliokwisha kushushwa kwa njia hiyo walikuwa wamepita 500.

Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Kwa kuwa walipitia Zanzibar, mji mzima ukawaita Wazanzibari, na jina hilo wajukuu zao wanalo hadi leo. Uhuru wao ulikuwa na masharti: walifungwa kwa mkataba wa miaka mitano wa kazi. Muda ulipokwisha hawakuwa na pa kurudi. Walijikusanya taratibu kwenye Bluff, kilima kirefu kinachoikinga bandari ya Durban upande wa bahari, katika mahali paitwapo King's Rest. Baadhi walibatizwa na wamisionari Wakatoliki waliokuwa hukohuko Bluff. Wengi walibaki Waislamu, wakisoma maulidi yao na kupiga dhikri zao.

Mwaka 1899 wadhamini wa Waislamu, wale waliohusika na msikiti wa Mtaa wa Grey, walinunua ardhi ya ekari zipatazo 40 huko King's Rest ili watu hao wapate makazi. Kwa kipimo chochote kile hilo lilikuwa jambo jema na la busara. Wadhamini wangeweza kugawa chakula na nguo kila Ijumaa, kila mtu akawasifu. Walichagua kuwapa watu mahali pa kukaa, na kwa zaidi ya miaka 60 Wazanzibari walizaa, wakalima na wakazikana hapo bila kufukuzwa na mwenye nyumba. Msaada wa ardhi una nguvu ambayo msaada wa kapu la chakula hauwezi kuwa nayo, na King's Rest ni ushahidi wake.

Lakini hati ilibaki kwa wadhamini. Udhamini wa msikiti, uliopata katiba rasmi mwaka 1916, ulikuwa mikononi mwa familia za wafanyabiashara, hasa Wamemon. Wahindi Waislamu waliokuja kama vibarua wa mkataba waliswali humo bila kizuizi, na Wazanzibari vilevile, ila kwenye meza ya maamuzi hawakuwa na kiti. Wanaosoma fedha za mashirika huuliza nani anachangia, nani ananufaika na nani anaamua. Katika Mtaa wa Grey majibu ya maswali hayo yalikuwa makundi matatu tofauti, na jambo hilo halikuleta taabu kubwa hadi serikali ya ubaguzi ilipogonga hodi.

Sheria ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi iliifanya Bluff kuwa ya Wazungu. Wazanzibari wakawa fumbo kwa makarani wa serikali: kwa sura Waafrika, kwa dini wamoja na Wahindi, kwa makazi wapangaji wa udhamini wa Kihindi. Kama wangeandikwa Waafrika, wangepelekwa katika vitongoji vya Waafrika na kutenganishwa na misikiti na madrasa zao. Baada ya mashauriano marefu waliandikwa mwaka 1961 kuwa "Waasia Wengine", na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth, mji mpya uliojengwa kwa ajili ya Wahindi. Mashamba, nyumba na makaburi ya wazee wao yakabaki nyuma King's Rest. Zubeda Seedat, aliyefanya utafiti miongoni mwao Chatsworth kwa shahada yake ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Natal mwaka 1973, aliikuta jamii iliyoendelea kuishi kama jamii moja katika nyumba za halmashauri. Udugu wao haukuvunjika kwa kuhamishwa. Kilichovunjika ni ile mali iliyokuwa chini ya miguu yao, na haikuwa na jina la hata mmoja wao.

Jamii nyingine za Durban na viunga vyake zilijaribu njia nyingine. John Langalibalele Dube alipofungua shule yake ya Ohlange huko Inanda, nje ya Durban, mwaka 1901, aliifungua kwa michango aliyoikusanya Marekani, akizunguka makanisani na kuhutubia. Hakuwa na namna nyingine, kwani serikali ya Natal haikuwa na hamu ya kumwona Mzulu akimiliki na kuongoza shule. Kwa miaka mingi Dube alikuwa mwalimu mkuu, mhariri wa gazeti na mchangishaji kwa wakati mmoja, na mchangishaji ndiye aliyekula muda mwingi. Mandela aliichagua shule hiyo kupigia kura yake ya kwanza mwaka 1994, akaenda kulizuru kaburi la Dube lililo hapohapo.

Wahindi maskini nao walijenga shule kwa ubia na serikali: jamii inanunua kiwanja na kuchanga sehemu ya gharama, serikali inaongeza ruzuku na kulipa walimu. Shule nyingi za watoto wa Kihindi Natal zilipatikana hivyo, matofali yakilipiwa na vibarua wa miwa na wachuuzi wa mboga. Aliyevuka wote kwa kutoa ni M.L. Sultan, aliyefika mwaka 1890 kama kibarua wa mkataba kutoka kusini ya India, akafanya kazi kwenye reli, akalima ndizi, kisha akafanya biashara. Alipoombwa kusaidia elimu ya ufundi kwa Wahindi aliahidi pauni 12,500, kisha akaongeza, na baadaye akaweka mali yake katika mfuko wa udhamini wa kudumu. Chuo chenye jina lake kilianza mwaka 1946. Yeye alifariki mwaka 1953. Mwaka 2002 chuo hicho kiliunganishwa na kingine, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban. Wakili R.K. Khan naye aliacha wasia wa hospitali na zahanati. Hospitali yake ilifunguliwa mwaka 1969, na palipochaguliwa ni Chatsworth, kulekule walikopelekwa Wazanzibari.

Hadithi ya fedha za hiari Durban haikuandikwa na matajiri peke yao. Katika vitongoji vya Waafrika upatu na vyama vya kufa na kuzikana vilikuwa benki ya wasio na benki. Mfanyakazi wa bandarini aliyetoka Zululand aliogopa jambo moja kuliko kufukuzwa kazi: kufia mjini na kuzikwa na manispaa. Alichangia kila mwezi ili mwili wake urudishwe kwao. Mwaka 1972 hofu hiyo ilizaa jambo ambalo halikutarajiwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Natal, waliokuwa wameunda tume ya mishahara na kuanza kulinganisha malipo ya viwandani na gharama halisi za kuishi, walishirikiana na wanachama wa zamani wa vyama vya wafanyakazi pamoja na Harriet Bolton, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa nguo. Wakaanzisha mfuko wa manufaa ya wafanyakazi wa viwanda, ukilipa fedha za maziko. Vyama vya wafanyakazi Waafrika havikutambuliwa kisheria, lakini hakuna sheria iliyokataza watu kuchangiana jeneza.

Tarehe 9 Januari 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha matofali cha Coronation waliacha kazi. Wiki chache baadaye makumi ya maelfu walikuwa wamegoma Durban na viunga vyake. Waliporudi kazini walitafuta mahali pa kujiunga, na mfuko wa maziko ulikuwepo, una ofisi, daftari na stakabadhi. Maelfu waliingia. Humo ndimo vilimochipuka vyama vya wafanyakazi wa chuma na wa nguo vya mwaka 1973, kisha shirikisho la FOSATU la mwaka 1979, na hatimaye COSATU, lililozinduliwa katika chuo kikuu hichohicho cha Durban mwishoni mwa mwaka 1985. Mhadhiri Richard Turner, ambaye mawazo yake yaliwasukuma vijana wale, alipigwa marufuku mwaka 1973 na kuuawa kwa risasi nyumbani kwake Durban mwezi Januari 1978. Mwanauchumi anayetaka kujua michango midogo inaweza kubeba nini, aanzie kwenye daftari la mfuko ule.

Serikali ilijifunza pia. Mwaka 1974 ilitunga sheria ya kulizuia shirika lisipokee fedha za nje likitangazwa kuwa na malengo ya kisiasa. Mwaka 1978 ikatunga nyingine, ya kutaka kila anayechangisha fedha kwa umma awe na kibali. Kwa maneno ilikuwa sheria ya kuwalinda wachangiaji dhidi ya matapeli. Kwa vitendo ilimpa waziri ufunguo wa sanduku la sadaka. Muungano wa UDF, uliopinga ubaguzi wa rangi, ulikatiwa fedha za nje kwa tangazo la namna hiyo mwezi Oktoba 1986. Makanisa yalisaidia kupitisha misaada, na Durban ilikuwa na mlango muhimu katika Diakonia, umoja wa makanisa ulioanzishwa mwaka 1976 kwa msukumo wa Askofu Mkuu Denis Hurley. Fedha za Ulaya na Marekani zikamiminika. Mashirika yakakua kwa haraka, yakaajiri, yakanunua magari, na kwa sababu ya hatari za wakati ule hesabu nyingi hazikuandikwa kwa kina.

Kisha uhuru ukaja mwaka 1994, na wafadhili wakageuka. Fedha zilizokuwa zikienda kwa mashirika zikapelekwa kwa serikali mpya, iliyochaguliwa na watu, na hakuna aliyeweza kuwalaumu kwa hilo. Mashirika yaliyotegemea mfadhili mmoja au wawili yalifunga milango. Sheria mpya ya mwaka 1997 ikaondoa vibali vya zamani na kuweka daftari la hiari la usajili. Ndipo swali la kisomi likawa swali la dharura: nchi ina mashirika mangapi, na yanaishi kwa nini?

Hapo Chuo Kikuu cha Natal kikaingia kazini. Tayari kilikuwa na utamaduni wa kuhesabu fedha za maskini. Mwalimu wake Francie Lund aliongoza kamati ya kitaifa ya mwaka 1995 iliyozaa ruzuku ya malezi ya mtoto, iliyoanza kulipwa Aprili 1998 kwa randi 100 kwa mwezi kwa watoto wa chini ya miaka saba. Mwaka 2001 chuo kikafungua Kituo cha Jamii ya Kiraia, kikiongozwa kwanza na Adam Habib na kuanzia 2004 na Patrick Bond, mwanauchumi wa siasa. Kituo hicho, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ndicho kilichochapisha mwaka 2002 utafiti wa Mark Swilling na Bev Russell, sehemu ya mradi wa kimataifa wa Lester Salamon wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins.

Watafiti hawakuridhika na daftari la serikali. Walikwenda katika jamii zilizochaguliwa nchini na kuhesabu kila kikundi walichokikuta, chenye cheti na kisicho nacho, kwaya, chama cha maziko, kamati ya maji, timu ya mpira. Matokeo yaliwashangaza hata waliokuwa ndani ya kazi hiyo. Afrika Kusini ilikuwa na mashirika 98,920 yasiyogawana faida, na asilimia 53 kati yake yalikuwa vikundi vidogo visivyo rasmi. Kazi iliyofanywa ndani yake ilikuwa sawa na ya waajiriwa 645,316 wa muda wote. Na katika mapato ya sekta hiyo, mchango mkubwa kuliko wote, asilimia 42, ulitoka serikalini.

Takwimu hiyo ya mwisho inastahili kusomwa mara mbili. Sekta inayoitwa ya hiari ilikuwa inasimama kwa kiasi kikubwa juu ya bajeti ya serikali, na ruzuku haikuenda kwa wale nusu walio wadogo. Ilikwenda kwa mashirika makubwa yenye wahasibu. Wadogo walijilisha wenyewe. Uchunguzi wa mwaka 2003 wa tabia ya utoaji, ambao kituo cha Durban kilishiriki kuuandaa, uligundua kwamba asilimia 93 ya waliohojiwa walikuwa wametoa fedha, vitu au muda wao, na ukakadiria fedha zilizotolewa kuwa randi milioni 921 kwa mwezi. Miongoni mwa watoaji walikuwemo maskini wengi. Mwaka 2008 Habib na mwanajiografia wa Durban, Brij Maharaj, waliyakusanya matokeo ya mradi huo katika kitabu, wakiweka zaka, sadaka za mahekalu, misaada ya kampuni na msaada wa ndugu kwa ndugu katika mizani moja. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kazi hiyo ni miongoni mwa zilizo bora zilizotoka katika vyuo vikuu vya Afrika kuhusu fedha, kwa sababu ilimtambua bibi wa upatu kuwa mhusika wa uchumi.

Hospitali ya McCord inaonyesha takwimu zile zina maana gani kwa mgonjwa. Dk. James McCord, mmisionari Mmarekani, aliifungua mwaka 1909 kwenye mtaa wa Berea kwa ajili ya Waafrika, baada ya majirani Wazungu kujaribu kumzuia mahakamani. Kwa miaka 100 iliishi kwa mchanganyiko wa ada ndogo, michango ya makanisa na ruzuku ya serikali, ikasomesha wauguzi wa Kizulu kizazi baada ya kizazi. Ugonjwa wa ukimwi ulipofika kilele, fedha za mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na ugonjwa huo ziliingia na hospitali ikawa mfano wa matibabu kwa nchi nzima. Sasa chukua vipimo vya Tuckman na Chang. Akiba ilikuwa ndogo. Mapato yalitegemea hasa vyanzo viwili, ruzuku ya jimbo na fedha za Wamarekani, na vyote viwili vikapungua kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa 2013 ilikaribia kufungwa. Mwaka 2014 serikali ya jimbo ikaichukua. Majengo yapo na wagonjwa wanatibiwa, lakini hospitali ya hiari iliyodumu zaidi ya karne moja ilikwisha ndani ya miezi michache, kwa sababu haikuwa na duka hata moja la kupangisha.

Msikiti wa Mtaa wa Grey, kwa upande wake, uliendelea kukusanya kodi. Hata hivyo mali yenye kodi huleta mitihani yake, na udhamini ulifikishwa mbele ya Mahakama ya Katiba kwa sababu ya shule. Shule ya msingi ya Juma Musjid ilikuwa ya umma, chini ya idara ya elimu ya jimbo, ila ilikaa kwenye ardhi ya udhamini. Wadhamini walidai kwamba kwa miaka mingi walilipia gharama za kuiendesha, idara ikashindwa kusaini makubaliano na kulipa pango, hivyo wakaomba ardhi yao. Mahakama Kuu iliwakubalia. Kamati ya shule ikakata rufaa, na hukumu iliyosomwa na Jaji Bess Nkabinde mwezi Aprili 2011 sasa inafundishwa katika vitivo vya sheria. Mahakama ilisema haki ya mtoto kupata elimu ya msingi haisubiri bajeti, na kwamba udhamini, ingawa ni wa binafsi na haukuwa na wajibu wa kuisomesha nchi, ulikuwa na wajibu wa kutoiharibu haki hiyo. Wadhamini hawakulaumiwa kwa kutaka mali yao. Idara ndiyo iliyokosolewa vikali. Mwishowe watoto walitafutiwa nafasi katika shule nyingine na udhamini ukarudishiwa jengo.

Jambo la kisheria hapo lina uzito kuliko fidia yoyote. Kwa tafsiri ya mwandishi huyu, hukumu iliuambia udhamini kwamba anayenufaika na sadaka yako kwa muda mrefu anapata sauti, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Wazanzibari wa King's Rest hawakuwa na mahakama ya kuwaambia hivyo mwaka 1961.

Afrika Mashariki inaishi na maswali hayohayo. Zanzibar imekuwa na kamisheni ya wakf tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kenya ina sheria ya makamishna wa wakf ya mwaka 1951, na makao ya kazi hiyo ni Mombasa. Kuna nyumba za wakf Mji Mkongwe, kuna viwanja vya wakf pwani yote, kuna shule na zahanati zilizojengwa kwa harambee ambazo hakuna anayejua hati yake ipo kwa nani. Vyuo vikuu vyetu vina maprofesa wa uchumi wanaoweza kutwambia bei ya mafuta itakuwaje mwakani. Ni wachache waliokwisha kukaa na daftari la wakf moja wakahesabu kodi iliyoingia, matengenezo yaliyofanyika na watoto waliosomeshwa.

Kazi ya Durban ilianza kwa watu waliokwenda mtaani kuhesabu, na inaweza kufanywa Malindi, Tanga au Kisiwani Pemba bila mfadhili mkubwa. Wadhamini wafungue madaftari, vyuo vitume wanafunzi, na katika kila kamati ya mali ya sadaka wawekwe wale wanaoishi juu ya mali hiyo, wakiwa na haki ya kupiga kura.